Kiti cha Kipa wa Akiba

Miaka ile ya tisini nilikuwa nimechoka. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Nasema ule unaoingia kwenye mifupa ukapanga chumba. Kazi yangu ilikuwa kuwaosha na kuwageuza wagonjwa katika hospitali moja kubwa huko Jette, mjini Brussels. Wakati wa baridi niliingia kazini giza, nikatoka giza, na katikati sikumbuki vizuri kama kulikuwa na mchana. Tulikaa Ganshoren, mimi, mume wangu na mdogo wake, katika fleti ambayo jirani wa chini aligonga dari yake kwa ufagio kila tulipokaanga vitunguu. Mimi ni mtu wa Kigoma. Mume wangu ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Tulioana Kigoma, tukaja kuchokea Ubelgiji.

Nayasema haya mapema ili ijulikane hali niliyokuwa nayo watu waliponitaka nihangaike na mpira.

Timu yenyewe ilikuwa ya wanafunzi wa Kizaire wa chuo kikuu kimoja cha upande wa Ixelles. Wachezaji walikuwa wanafunzi, lakini wenye timu tulikuwa sisi watu wazima: mapapa, yaani akina baba, wa Bukavu, mapapa wa Lubumbashi, na sisi mamaman wa kila mahali. Ndio, na mimi niliitwa maman, ingawa kwetu Kigoma mtu akikuita hivyo unageuka kuangalia anaigiza nini. Sisi ndio tuliowafulia jezi, tuliowapikia, tuliowatafutia gari la kwenda kucheza Liège. Kwa hiyo tulijiona tuna haki, na haki yetu ilikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine wala siombi kuuona tena.

Kabla ya kila mechi kubwa, Jumapili baada ya ibada, tulikutana katika ukumbi wa parokia. Tulikula. Sahani zikishaondolewa, mwalimu wa timu alisimama na kutaja mchezaji mmoja mmoja aliyemtaka. Jina likitajwa, ukumbi unanyoosha mikono. Mikono ikitosha, kijana anacheza. Isipotosha, mwalimu anataja mwingine. Mwalimu mwenyewe hakuwa na kura. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba yeye ameshasema anachotaka, akinyoosha na mkono atakuwa amesema mara mbili.

Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia mume wangu, "Jamani, nyie mnachagua timu au mnachagua mbunge?" Mume wangu hakucheka, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa mashabiki na jambo lile kwake lilikuwa zito kama misa.

Sasa, wachezaji wengine wote unaweza kuwabana bana ukapata nafasi. Huyu mpeleke kulia, yule mrudishe nyuma. Kipa ni mmoja tu. Akisimama huyu, yule anakaa. Na sisi tulikuwa na makipa wawili.

Mmoja alikuwa kijana wa Lubumbashi, mzuri wa sura, mwingi wa kicheko, aliyejua kumsalimu kila maman kama vile ndiye aliyemzaa. Alivaa jezi ya njano inayoonekana toka kituo cha tramu. Na alikuwa anaruka! Mpira ukija kulia, aliruka. Ukija kushoto, aliruka. Ukija kifuani kwake palepale, alirudi nyuma kidogo apate nafasi ya kuruka. Akianguka nao chini, mamaman walipiga vigelegele na mapapa walishikana mabega. Sina ubaya naye hata kidogo. Alikuwa kijana wa watu, na nilimpenda.

Wa pili alikuwa shemeji yangu, huyo mdogo wa mume wangu. Mrefu, mkimya, anasoma hesabu. Nyumbani alikula amesimama kando ya friji, sahani mkononi, kama mtu anayeogopa kuchelewa, ingawa hakuwa na pa kwenda. Ukimuuliza jambo alifikiri kwanza, na watu wa parokia ile hawakuwa na subira na mtu anayefikiri kwanza.

Oktoba moja, mvua inanyesha ile ya Brussels isiyokuwa na haraka wala mwisho, alisimama langoni dhidi ya timu ya wanafunzi wa Kikameruni. Akafungwa matano. Moja lilipita kati ya miguu yake polepole, sote tukiliangalia. Nilikuwepo, nimefunika kichwa kwa mfuko wa plastiki, na haki ya Mungu nilitamani ardhi ipasuke. Alicheza vibaya, simtetei. Kabla hatujafika kwenye gari, papa mmoja wa mvi na kofia ya ngozi, aliyekuwa na sauti kuliko wote pale parokiani, alikuwa ameshambandika jina. Akamwita Mulango, yaani mlango. Jina likamganda.

Kisha baridi ikaingia, na hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Mashabiki wa timu ile walikuwa mashabiki wa jua. Majani yakishaanguka, hakuna papa wala maman aliyekwenda tena uwanjani mpaka Pasaka. Nani akasimame kwenye upepo ule? Walihamia katika mgahawa mmoja wa Kikongo kule Ixelles, karibu na kituo cha basi, penye joto na mbuzi wa kuchoma, na huko waliendelea kuichambua timu kila Jumamosi kama vile wameiona. Papa wa kofia aliongea zaidi kuliko Oktoba. Nilipita siku moja kumchukua mume wangu, nikamkuta papa huyo amesimama katikati ya meza.

"Ule Mulango, hapana," alisema. "Haendelee. Miye najua mupira, nimeona bakipa tangu ningali mutoto. Huyu amefika mwisho."

Nikamuuliza, "Papa, umemwona lini mara ya mwisho?"

"Mu Octobre."

"Na leo ni mwezi gani?"

"Maman, bon, muntu habadilike mu miezi kidogo," akasema, na watu wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Nikafyonza, nikamvuta mume wangu tukaenda zetu.

Mimi sijui mpira. Hilo niliweke wazi. Lakini uwanja wa mazoezi ulikuwa huku kwetu, karibu na kituo nilichopandia basi nikitoka kazini, na basi la Ganshoren lilikuwa na tabia ya kutokuja. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi, miguu inawaka moto, nilisimama nimeegemea uzio nikawaona wale vijana chini ya taa mbili za manjano. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuangalia. Ni mwalimu, wao, na mimi na mfuko wangu wa viazi.

Mwanzoni shemeji alikuwa anaokota mipira kwenye matope, basi. Mwalimu alimrushia, ukapita, akaenda kuuokota. Nilisikitika nikaangalia pembeni. Lakini baridi inavyoendelea nikaanza kuona kitu ambacho nilishindwa kukipa jina. Alikuwa haruki. Mpira ukipigwa, unamkuta yuko pale. Ukipigwa upande mwingine, unamkuta tena yuko pale. Na alikuwa anaongea! Yeye, ambaye nyumbani ukitaka neno moja lazima umchimbe, alikuwa anawapigia kelele mabeki, wewe kushoto, wewe toka, niachie mimi. Mara ya kwanza sikuitambua sauti yake.

Siku moja nilimuuliza, amesimama pale kwenye friji yake.

"Mbona siku hizi huruki?"

Akafikiri, akatafuna. "Shemeji, nikisimama pazuri, sina haja ya kuruka."

"Sasa mashabiki watakuonaje?"

"Donc, hapo njo shida," akasema, na akacheka kidogo.

Nilijiuliza mara nyingi kama kweli alikuwa anakua au ni mimi tu nilikuwa natamani akue. Wodini niliona mambo hayo kila siku. Ndugu wa mgonjwa anakuja Jumapili tu, na palepale mlangoni anasema, loo, amepata nafuu, au anasema, mbona amerudi nyuma. Mimi niliyemgeuza mgonjwa huyo kila asubuhi nilikuwa sioni mabadiliko yoyote. Mara nyingine ndugu ndiye alikuwa sahihi, na mara nyingine alikuwa ameona tu kwamba leo mgonjwa amenyolewa ndevu. Kwa hiyo sikuwa na uhakika na macho yangu. Nilichokuwa na uhakika nacho ni kwamba mimi nilikuwa nimeyapeleka uwanjani.

Ningeyaacha yote hayo yapite, kwa uchovu niliokuwa nao, kama isingekuwa kaseti.

Kila Pentekoste palikuwa na mashindano ya timu za wanafunzi wa Kiafrika, na mechi ya mwisho ilirekodiwa na papa mmoja wa parokia, mwenye kamera kubwa ya kuweka begani, ambaye alirekodi pia harusi zetu na matanga yetu. Kaseti hiyo ilinakiliwa, ikapewa wasafiri, ikaenda Bukavu, ikaenda Lubumbashi, ikaenda Uvira, watu wakawaona watoto wao. Mama mkwe wangu alikuwa Uvira. Alifariki baadaye wakati wa vita, sikupata kumwona tena, Mungu amlaze pema. Wakati huo alikuwa hajamwona mwanawe mdogo tangu alipoondoka, na kijana aliondoka akiwa bado anaazima viatu vya kaka zake. Tulikuwa tukimpelekea picha. Naye alijibu kwa kaseti za sauti, zile ndogo, zinakuja na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akienda na kurudi kupitia Bujumbura. Katika moja ya kaseti hizo alisema, "Picha haitembee. Miye nataka kumuona mutoto yangu anatembea."

Shemeji aliisikia sentensi hiyo, akairudisha nyuma, akaisikia tena. Kisha akaniambia, na ndiyo mara pekee aliyoniambia anachotaka maishani, "Shemeji, nikiwa langoni siku ya fainali, kamera itanikuta tu. Kipa hana pa kujificha."

Basi, tangu siku hiyo jambo lile likawa la nyumba nzima. Nani atasimama langoni siku ya Pentekoste. Nilikuwa nageuza wagonjwa nalo, napanda basi nalo. Nilimkasirikia Mungu kwa kuniongezea mzigo wa mpira juu ya mizigo niliyokuwa nayo.

Jumapili ya uchaguzi nilipika pilau ya kwetu, sufuria kubwa kabisa, kwa nia mbaya ya kuwalainisha. Walikula wakalamba vidole. Sahani zikaondolewa. Vijana walikuwa nje, ndivyo ilivyokuwa desturi, mchezaji hasikii akijadiliwa. Mwalimu akasimama. Alikuwa mtu mpole, fundi wa lifti, na mbele ya mapapa wale aliongea kama anayeomba ruhusa ya kutoka.

"Ku kipa," akasema, "napendekeza ule murefu wa Uvira."

Ukumbi ukacheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha mtu anayedhani umefanya mzaha. Nikanyoosha mkono. Maman mmoja tuliyekuwa tukipika pamoja akanyoosha, kwa ajili yangu. Nikageuka kumtafuta mume wangu kwenye meza ya mbele. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya meza.

"Haitoshi," akasema papa wa kofia. "Alors, taja mwingine."

Hapo nilisimama. Sikupanga kusimama, miguu ilisimama yenyewe.

"Ngojeni kwanza!" nikasema. "Hebu niambieni, ni nani humu ndani amekanyaga ule uwanja tangu Oktoba? Si mnapenda kunyoosha mikono? Haya, nyoosheni! Nani amemwona huyu kijana akidaka mpira hata mmoja mwaka huu?"

Mkono mmoja ulinyooshwa, wa mwalimu, na papa wa kofia akamkumbusha kwamba yeye hana kura.

"Ebo!" nikasema. "Mnakaa Ixelles mnakula mbuzi, mnahukumu mtu kwa mvua ya mwaka jana! Huyo mnayemwita Mulango hayupo tena. Amekuja mwingine, nyie hamjaonana naye."

Papa wa kofia hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alinijibu taratibu, kwa heshima. "Maman, tunakusikia. Lakini weye ni shemeji yake. Muntu anapenda wake, anaona vile anataka. Miye ningekuwa shemeji yake, ningeona vilevile."

Ilinichoma kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Nikakaa. Mwalimu akataja kijana wa Lubumbashi, na mikono ikajaa ukumbi, hata ya yule maman tuliyepika naye, ambaye aliona hakuna ubaya kunyoosha mara mbili.

Kwenye basi la kurudi sikumwangalia mume wangu mpaka nilipoona siwezi tena kujizuia.

"Umemnyima ndugu yako mkono."

"Miye ni mwenyekiti," akasema. "Nikinyoosha kwa ndugu yangu, watasema ni mambo ya ukoo. Hawatanisikiliza tena."

"Mwenyekiti wa nini? Wa pilau?"

Alikuwa amechoka na yeye, alikuwa anasafisha maofisi tangu alfajiri siku sita kwa wiki, na uenyekiti ule ndio ulikuwa mahali pekee Ulaya nzima ambapo watu walimsubiri aongee. Nalielewa sasa. Siku ile nilitaka kumtupa nje ya basi. Shemeji alikuwa amefika nyumbani kabla yetu, amemenya viazi vyote. Akatutazama nyuso, akajua. Alisema "Sawa," akaendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Siku ya Pentekoste jua lilitoka, kwa hiyo mashabiki wote walikuja. Tulishinda nusu fainali mchana, tukaingia fainali na wale wale Wakameruni. Wachezaji wa akiba waliwekewa viti vya plastiki pembeni. Havikutosha, na kwa kuwa shemeji alikuwa mrefu na magoti yanamfika kidevuni, mtu mmoja alikwenda parokiani akamletea kiti cha mbao chenye mikono, kile ambacho padri hukalia kwenye sherehe. Kivulini kulikuwa na ubaridi, akavaa koti kubwa la timu, refu mpaka kwenye viatu. Akakaa. Wale wengine wa akiba walikuwa wanarukaruka wakipasha mwili moto. Yeye hakuwa na sababu ya kupasha. Kipa wa akiba akiingia, maana yake mwenzake amevunjika, na hakuna aliyetaka kumwombea mwenzake hilo, yeye wa kwanza.

Nilimwangalia pale nikasema, la, haiwezekani mama yule asimwone. Nikamfuata papa wa kamera, nimebeba sambusa.

"Papa, nisaidie. Geuza hiyo kamera kidogo, umpige shemeji yangu."

"Maman, kamera inafuata mupira."

"Mpira utarudi, wala haupotei. Geuka kidogo tu. Mama yake yuko Uvira."

Akaangalia sambusa, akaniangalia mimi, akaangalia saa. Akanung'unika kwamba betri itaisha. Kisha akageuka, Mungu ambariki, na akamlenga shemeji pale kwenye kiti chake kwa muda mrefu, wala hakuwa mtu wa haraka.

Na wakati kamera inamwangalia, mambo mawili yalitokea. La kwanza, papa wa kofia alipita mbele ya viti vile. Sijui alihisi nini. Labda ni yale maneno yangu, labda ni jua tu. Alikuwa na chupa ya Fanta mkononi. Alisimama, akaifungua, akampa shemeji kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaenda. La pili, mpira ulitoka ikawa kona upande wetu, na yule kijana wa Lubumbashi akageuka kumwangalia shemeji, uso una wasiwasi. Shemeji hakusimama. Alinyoosha kidole akamwonyesha, pale, hapana, mbele kidogo, pale. Kijana akakimbilia pale. Kona ikapigwa, akaudaka mpira amesimama wima, kirahisi kama mtu anayepokea mkate. Hakuna shabiki aliyepiga makofi. Baadaye aliruka mara nyingi, na makofi yakarudi.

Tulishinda mbili kwa moja. Papa wa kofia alikuwa anabebwa juu juu kuliko wachezaji. "Tulisema!" alipiga kelele. "Tulisema ama hatukusema?" Na ungemjibu nini? Walikuwa wamesema. Kama tungefungwa ningekuwa na la kuongea mwaka mzima. Tulishinda, kwa hiyo mimi na macho yangu ya kwenye uzio tulikwenda kuosha masufuria.

Kaseti ilikwenda Uvira na yule mama mfanyabiashara. Shemeji hakuuliza kilichomo. Alijua alikuwa amekaa.

Jibu lilikuja majani yakianza kuanguka. Ilikuwa Jumamosi, tumekaa jikoni sote watatu, mimi nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mume wangu akaiweka ile kaseti ndogo kwenye redio, akabonyeza. Kwanza ulisikika muungurumo wa jenereta, na watoto, na jogoo. Kisha mama mkwe akakohoa.

Alisalimu kila mtu na afya yake. Akasema wameangalia kaseti nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja mwenye televisheni, mtaa mzima uliingia, hata wale majirani ambao huwa hawasalimiani. Kisha sauti yake ikapanda.

"Nimemuona mutoto yangu! Amekonda, mukwe yangu, unamulisha nini? Lakini bon. Musikilize. Bengine bote banakimbia, banaanguka mu matope, banatoka jasho. Yeye, hapana. Yeye amekaa. Ku kiti ya mikono! Amevaa koti murefu. Na papa moja wa mvi, muntu mukubwa kabisa, amemuletea fanta. Na mikono mbili! Ameinamisha na kichwa! Halafu mutoto yangu amenyoosha kidole tu, hivi, na ule wa jezi ya manjano amekimbia kwenda pale amemwambia. Amekimbia! Batu ya hapa bakaniuliza, mutoto yako ni nani kule? Nikabaambia, si munajionea?"

Nyuma yake watu walicheka na kupiga makofi. Walikuwa bado wanapiga makofi kwenye kaseti, Uvira yote ya nyumba ile.

"Baba yenu alikufa akisema huyu wa mwisho ataishia wapi, hana maneno," akaendelea, sasa taratibu. "Miye nimeona amekua. Sasa nataka kusikia ku mudomo yake mwenyewe. Ni kweli balikupa kiti ile?"

Kaseti ikaendelea na jenereta tupu, halafu ikakatika.

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, sikutoa miguu. Nilitaka kucheka, na nilijua nikianza kucheka nitalia, na nikilia sitanyamaza leo. Shemeji alikuwa amesimama kando ya friji. Alifikiri, kama kawaida yake. Kisha akaja, akageuza kaseti upande wa pili, akabonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi, akainama karibu na redio.

"Mama, ni miye," akasema. "Ndiyo. Balinipa kiti."

Alibaki ameinama, kinywa wazi, na hakuna neno jingine lililotoka. Utepe ulikuwa unazunguka bure. Mume wangu akainuka kwenye kiti chake, akamshika mdogo wake bega, akamsogeza kidogo, akainama na yeye.

"Mama, ni miye mukubwa wake," akasema. "Ni kweli. Tulipiga kura. Watu wote walinyoosha mkono, na miye pia nilinyoosha."

Akazima redio. Shemeji alirudi kwenye friji yake, akatoa sahani, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu akaivuta stuli, akakaa mezani, akala.